Mkutano wa saa mbili usiku: barua ya wazi kwa wanaoongoza muziki Arusha

Kwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), maafisa utamaduni wa halmashauri za mkoa wa Arusha, na viongozi wote wa vyama vya wanamuziki mkoani kwetu.

YAH: WANAWAKE KATIKA UONGOZI WA VYAMA NA TAASISI ZA MUZIKI

Waheshimiwa viongozi, kaka zangu na dada zangu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwimbaji na mpiga kinanda, mkazi wa Ngarenaro. Nimeimba na bendi za hotelini, nimeimba harusi kuanzia Usa River hadi Monduli, nimeimba kwaya, na nimeingiza sauti kwenye studio za vijana ambazo nyingine leo zimegeuka maduka ya simu. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye kazi hii. Kilichonifanya nikae chini niandike ni ujumbe ulioingia wiki iliyopita kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu: mkutano wa maandalizi ya uchaguzi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku, kwenye baa moja pale Kaloleni, wanachama wote mnakaribishwa. Niliusoma mara mbili. Kabla hata sijauliza wagombea ni akina nani, nilishajua wanawake watakaokuwepo hawatafika watano.

Mkutano wa namna hiyo nimewahi kuuhudhuria, miaka minne iliyopita. Tulikuwa watu 31, wanawake wanne. Ulitangazwa wa saa mbili, ukaanza saa tatu na nusu kwa sababu akidi haikutimia na kwa sababu kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Mwenzetu mmoja, mwimbaji mzuri kuliko mimi, alikuja na mtoto wa miezi saba mgongoni. Ilipofika saa nne mtoto akaanza kulia, moshi wa jiko la nyama umemwingia machoni, mama yake akaniaga kwa kichwa tu akatoka kutafuta bodaboda. Kura zilipigwa saa tano kasoro. Mimi nikapendekezwa kuwa mweka hazina msaidizi. Kaka aliyenipendekeza ni mtu ninayemheshimu hadi leo, ndiye aliyenifundisha kupanga sauti. Alisimama akasema, "Tumpe dada, wanawake hawali hela." Watu wakapiga makofi. Nikapewa na daftari la mahudhurio niandike majina, na kabla hatujatawanyika nikaombwa niende jikoni kuulizia nyama ya wajumbe imefikia wapi.

Yote hayo niliyapokea kwa furaha, nisiwafiche. Niliona nimepanda. Miezi miwili baadaye nilikwenda kwa katibu kuomba nakala ya katiba na ya muhtasari, nijue majukumu yangu ni yapi. Katiba yetu ina kurasa tisa. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka lake nikazisoma zote, nikarudia. Nafasi ya mweka hazina msaidizi haimo, wala haikuwahi kuwemo. Kwenye orodha ya viongozi iliyopelekwa kwa afisa utamaduni jina langu halipo. Lipo kwenye orodha ya mahudhurio tu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, namba 31. Nilijiandika wa mwisho kwa adabu.

Sidhani kama kuna mtu alikaa akapanga kunifanyia vile, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Mtu mbaya unaweza kumtoa. Kwetu hakuhitajika mtu mbaya: saa ya mkutano ilitosha, mahali pa mkutano palitosha, na orodha ya nani anahesabika kuwa mwanachama ikamalizia. Hapo kwenye orodha naomba tukae kidogo, maana sijawahi kusikia pakizungumzwa kwenye semina yoyote ya wasanii wanawake niliyoitwa, na nimeitwa nyingi.

Twendeni studio. Chalii mmoja wa Unga Limited ana wimbo. Mistari anayo, biti ipo, kiitikio hakuna. Prodyuza ananipigia: "Dada, njoo utusaidie kolasi." Nafika, nausikiliza mara tatu, natafuta melodi mwenyewe, nabadilisha maneno mawili matatu ili yakae kwenye pumzi, naingiza sauti ya juu, ya kati na ya chini. Ni kazi ya saa tatu. Nalipwa elfu thelathini na soda, na nauli kama giza limeingia. Wimbo unatoka, unapigwa redioni, na kinachoimbwa na watoto wakitoka shule ni kile kiitikio. Sasa ikifika siku ya kuusajili, mtu anaulizwa mtunzi ni nani, mwimbaji ni nani, mtayarishaji ni nani. Nimeshuhudia majibu yakiandikwa mbele yangu, kalamu ya bluu, karatasi imewekwa juu ya spika: mtunzi, yule kijana; mwimbaji, yule kijana; mtayarishaji, prodyuza. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja, na sauti yangu ilikuwa bado inasikika kwenye spika ileile iliyokuwa chini ya karatasi. Sikusema neno. Nilikuwa sijui kama nina la kusema.

Leo najua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, haikumsahau mtu kama mimi. Hilo neno la pili, hakishiriki, linamhusu pia aliyeimba hata kama hakutunga. Na aliyebuni melodi ya kiitikio ameshiriki kutunga, hata kama hakushika kalamu. Haki yenyewe inazaliwa pamoja na kazi, haisubiri muhuri wa ofisi. Lakini mirabaha, yaani malipo ya kazi inapotumika, hugawanywa kwa kufuata kumbukumbu, na kumbukumbu zinaanzia kwenye karatasi ile iliyokuwa juu ya spika.

Angalieni basi uongozi unavyoingia hapo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamewafungulia wenye haki mlango wa kuunda taasisi zao za kukusanya na kugawa mirabaha, COSOTA ikibaki kuwa msimamizi. Niliyafurahia. Taasisi ya namna hiyo inasimama juu ya wanachama wake, na mwanachama ni mtu mwenye kazi zilizoandikwa kwa jina lake. Mwanamke aliyeimba viitikio 40 bila kuandikwa hata kwenye kimoja ataingia kwa kadi ipi? Atamchagua nani, na nani atamchagua? Siku wakubwa wanakaa kuamua waitikiaji walipwe kwa utaratibu gani, hakutakuwa na muitikiaji hata mmoja ndani ya chumba. Kisha tunasimama kwenye majukwaa tunasema wanawake hawajitokezi kugombea.

Kwenye kwaya mambo hayapishani sana. Kwaya nyingi nilizopita hapa mjini zina kina mama wengi kuliko kina baba. Wao ndio wanaoshona sare, wanaochangisha fedha za kurekodi, wanaokariri nyimbo 12 kwa juma moja. Albamu ikitoka, mtunzi ni mwalimu wa kwaya, na mwalimu, kwa kwaya zote nilizoimba, alikuwa mwanaume. Wanaoimba kwenye maboma ya utalii barabara ya kwenda Longido nao ni hivyohivyo: sauti za mama zetu wa Kimaasai nimezikuta ndani ya matangazo na ndani ya nyimbo za kisasa, na sijamkuta mama hata mmoja aliyeniambia amewahi kuulizwa. Sheria hiyohiyo ya 1999 inatambua na kulinda kazi za kijadi. Nani anaketi kwa niaba yao?

Huwa naambiwa wanawake wa hapa hawana uzoefu wa kuongoza. Anayesema hivyo namwomba ahudhurie kikao kimoja cha kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumapili saa tisa alasiri, mahali popote kuanzia Sakina hadi Njiro. Atamkuta mama ameketi na daftari la mistari, ahadi upande wa kushoto, zilizolipwa upande wa kulia, na mamilioni ya shilingi yanapita mikononi mwake bila senti kupotea. Ndiye anayekodi ukumbi, anayemchagua MC, anayeita matarumbeta, anayejua jenereta ya nani huzimika. Mama wa namna hiyo aliwahi kutushusha bei laki tatu huku anatabasamu, kisha akatulipa nusu wiki moja kabla na nusu iliyobaki kabla keki haijakatwa. Alitupa karatasi tukasaini, inaeleza tutapiga saa ngapi, tutakula nini, na spika ikiungua ni ya nani. Kati ya mikataba yote niliyowahi kupewa na mapromota, hakuna uliokuwa safi kama ule. Sehemu kubwa ya riziki ya wanamuziki wa Arusha na Moshi inatoka kwenye kamati hizi, na kamati hizi zinaendeshwa na wanawake. Tunawaamini na fedha zetu za kula. Kwenye vyama vyetu tunawapa daftari la mahudhurio.

Nataka kuwa mkweli kwa upande wa serikali pia. Panapoteuliwa, wanawake tumewaona. COSOTA imeongozwa na Doreen Sinare. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umeongozwa na Nyakaho Mahemba. Wizara yenye dhamana ya sanaa imewahi kuwa chini ya Fenella Mukangara na baadaye Pindi Chana. Pale BASATA, Makatibu Watendaji ninaowakumbuka, kuanzia Ghonche Materego, Godfrey Mngereza, Matiko Mniko hadi Kedmon Mapana, ni wanaume, na siku nafasi hiyo itakapokuwa wazi tena naomba walioko juu wakumbuke hesabu hiyo. Lakini panapopigwa kura na sisi wenyewe, wasanii kwa wasanii, hali ni mbaya kuliko panapoteuliwa. Nimekuwa mwanachama wa vyama vitatu hapa mkoani. Sijawahi kuongozwa na mwenyekiti mwanamke hata siku moja. Kwa hiyo barua hii, kabla haijafika Dar es Salaam wala Dodoma, iwafikie kwanza kaka zangu wa Kaloleni, Kijenge na Mianzini.

Huko nje nako hawajafika mbali. Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha USC Annenberg nchini Marekani waliangalia kampuni 70 za muziki, kubwa na za kujitegemea, wakakuta kati ya wakuu wa ngazi ya juu kabisa wanawake ni asilimia 13.9. Ufaransa wana SACEM, taasisi ya kukusanya mirabaha iliyoanzishwa mwaka 1851. Alipokabidhiwa Cécile Rap-Veber mwaka 2021, mwanamke wa kwanza kuiongoza, ilikuwa imeshatimiza miaka 170. Nayataja haya ili pasiwe na mtu wa kudhani naleta lawama kwa Waarusha peke yao. Ila sisi tuna sababu ya ziada ya kuwatangulia wengine, maana muziki wetu wa kurekodiwa ulianza na mwanamke mbele. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri za kampuni ya HMV. Alikwenda akiwa na wapigaji wanaume, na jina lililouza santuri zile lilikuwa lake. Mwaka 2028 itatimia miaka 100. Sherehe najua zitakuwepo, na wasichana wataitwa wavae buibui waimbe. Nitaimba na mimi nikiitwa. Ningependa siku hiyo tuwe pia na orodha za bodi na kamati za vyama vyetu ambazo hatuoni haya kuzisoma kwa sauti.

Wanawake wa muziki walioongoza, wengi wameongoza kwa kuanzisha cha kwao. Vanessa Mdee, aliyezaliwa hapa Arusha, alianzisha Mdee Music. Mwaka 2020 akatangaza kuachana na muziki, akaeleza hadharani namna tasnia ilivyomwelemea. Nandy, mzaliwa wa Moshi, ana lebo yake, The African Princess, na tamasha lenye jina lake. Rita Paulsen aliianzisha Bongo Star Search na vijana wangapi wamepita mikononi mwake. Nawaheshimu mno. Lakini msichana wa Sanawari mwenye kinanda cha kuazima hana mtaji wa kuanzisha lebo ili apate kusikilizwa. Yeye amejiunga na chama, amelipa ada ya elfu kumi kama wengine, na chama ni chake. Hakupaswa kujenga nyumba nyingine ili apate mahali pa kukaa.

Na wanamuziki wanaweza kuongoza, hilo tumeshaliona kwa macho. Nikki wa Pili, kijana wetu wa kundi la Weusi, mwaka 2021 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. MwanaFA akawa Naibu Waziri mwaka 2023. Nilifurahi kwa wote wawili, na jioni ile ya Nikki mtaani kwetu watu walipiga honi. Najua baadhi yenu mtaniambia kwamba nafasi za kutengewa wanawake zinaleta viongozi wa jina tu. Vicky Kamata na Martha Mlata walikuwa waimbaji, wakaingia Bungeni kwa viti maalum, wakasimama mle ndani wakazungumza. Mlango ule usingekuwepo, wangapi kati yetu wangewajua zaidi ya nyimbo zao? Katiba ya nchi, ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30, kwa hesabu iliyowekwa humo humo. Kama Bunge zima la Jamhuri limeona halitapata wanawake wa kutosha kwa kusubiri tu, chama cha watu 60 kinachokutana baa kimeona nini ambacho Bunge halikukiona?

Hata mji wenyewe ni huu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na kuanzia 2021 hadi 2025 Rais wake alikuwa Mtanzania, Jaji Imani Daud Aboud. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Juni 2024 Veronica Nduva alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya Katibu Mkuu wake. Nimepiga kinanda kwenye hafla za AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ambako meza ya mbele yote imejaa majaji na mabalozi wanawake. Nikimaliza, nafunga nyaya zangu, natembea hadi kituoni, na kwenye simu nakuta ujumbe wa chama: mkutano usiku, baa.

Lipo jambo la usiku ambalo sitalizunguka. Nilikuwa na miaka 22 promota mmoja aliponiambia mkataba wa shoo ya sikukuu tutausainia chumbani kwake. Nilikataa, shoo ikapewa mwingine, na yule mwingine sijui alipewa kwa masharti gani, sikuwahi kuwa na moyo wa kumuuliza. Nilitaka kulalamika. Wa kumlalamikia alikuwa mwenyekiti wa chama, na mwenyekiti na promota walikuwa wakinywa meza moja kila Jumamosi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. TAKUKURU wapo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo. Lakini msichana wa miaka 22 haanzii TAKUKURU. Anaanzia kwa mtu anayemjua, ndani ya chama chake, mtu atakayemwambia, "Twende wote." Ndiyo maana naposema wanawake wawe kwenye kamati tendaji, sizungumzii picha nzuri ya viongozi ukutani. Nazungumzia msichana huyo atabisha hodi kwa nani saa moja asubuhi.

BASATA, ninyi ndio mnaovitambua vyama hivi. Chama kikileta orodha ya viongozi wake, mnaikagua. Naomba mkague na hili: theluthi moja ya kamati tendaji iwe wanawake, na wawe kwenye nafasi zilizomo ndani ya katiba ya chama, zenye haki ya kusaini na kupiga kura. Orodha isiyotimiza irudishwe, kama inavyorudishwa ile isiyo na muhuri. Na jina la mwanamke mkilikuta hapo, mpigieni simu mumuulize kama anajua kwamba ni kiongozi.

COSOTA, na taasisi mpya za wenye haki mnazozisimamia, ombi langu kwenu ni dogo na naamini ndilo litakalobadilisha mengi. Kila wimbo unaosajiliwa uje na karatasi ya mgawanyo iliyosainiwa studio na wote waliokuwepo, ikiwa na mstari wa aliyeimba kiitikio na mstari wa aliyebuni melodi yake. Kama hakuna, iandikwe "hakuna" na isainiwe hivyo. Msimwachie prodyuza peke yake kazi ya kukumbuka. Njooni pia mikoani mchana, na mkija waiteni waitikiaji, waimbaji wa kwaya na kina mama wa maboma kwa majina yao, maana mkiita "wasanii" wao hudhani hawajaitwa. Nyimbo za zamani nazo zifunguliwe muda wa marekebisho. Mimi mwenyewe ninazo 26 ninazoweza kuzithibitisha.

Maafisa utamaduni wetu, nyinyi mnatujua kwa sura. Vyama vikiwaomba barua, ulizeni mkutano ulifanyika wapi na saa ngapi. Kwenye halmashauri ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, na humo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Nimeviona vikundi vya kushona na vya kufuga kuku vikipata. Kikundi cha wanawake wapiga ala sijakutana nacho, na kukosa hata spika moja ya kazi kunatuzuia kuwa na bendi yetu. Tusaidieni kuandika maombi hayo.

Halafu kuna uwanja unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Tanzania imepewa kuandaa pamoja na Kenya na Uganda. Burudani zitapangwa, kamati zitaundwa, na kwa uzoefu wangu kamati za namna hiyo huundwa kwa simu tatu, zote kwa wanaume wanaojuana. Naomba simu ya kwanza safari hii apigiwe mwanamke. Mkikosa namba, kamati za sendofu mnazijua.

Kwa kaka zangu wa chama chetu: mkutano wa Ijumaa uahirishwe hadi Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi. Nimeshauliza, darasa kwenye shule ya msingi iliyo jirani linapatikana kwa elfu ishirini na madawati yapo. Hiyo elfu ishirini nitaitoa mimi. Mwenzetu yule aliyeondoka na mtoto anayelia nimempigia. Mtoto sasa ana miaka minne, anasoma chekechea, na mama yake amesema atakuja. Nitakuja na wengine 12, wote wamelipa ada. Daftari la mahudhurio naomba alishike mtu mwingine, kwa sababu siku hiyo nagombea uenyekiti.

Wenu katika kazi,

Mwimbaji na mpiga kinanda,
Ngarenaro, Arusha